MRI itangulie sindano

Mhariri,

Baba yangu mdogo alipimwa damu kuangalia PSA, protini ya tezi dume inayoweza kupanda kukiwa na saratani, ikaonekana imepanda. Wiki iliyofuata akachomwa sindano 12 za kuchukua vinyama kwenye tezi dume, bila picha ya MRI, ile ya sumaku inayoonyesha ndani ya mwili. Majibu: hakuna saratani. Tukashangilia.

Mwaka mmoja baadaye MRI, tuliyoichangia ukoo mzima, ikaonyesha uvimbe upande wa mbele wa tezi, mahali ambapo sindano za kawaida hazifiki kirahisi.

Utafiti wa PROMIS wa Uingereza, 2017, ulionyesha kuwa kuanza na MRI kungewaepusha takriban robo ya wanaume na sindano hizo. Najua mashine ni ghali, na wasomaji wa picha zake wachache. Lakini bima iliyolipia sindano zote 12 ikagoma kulipia MRI ilibana matumizi gani?

Msomaji,
Morogoro