Mwanangu, kazi yako itajwe kwa jina lako

Binti yangu mpenzi,

Natumaini hujambo. Sisi huku wazima, na baba yako anakusalimu sana. Nimesoma ujumbe wako nikaurudia, nikaona simu haitatosha kuujibu. Mambo ya kazi tukiyazungumza kwa simu huishia kwenye "usijali, mama" na "haya mwanangu, pumzika", kisha kesho yake yako palepale. Ndiyo maana nakuandikia.

Umesema kazini kila mtu anakupenda. Wakikwama wanakutafuta wewe, wageni wa timu wanaletwa kwako uwaelekeze, na kikao hakianzi mpaka umekaa tayari kuandika muhtasari. Halafu majina ya waliopandishwa cheo yametoka, wewe humo, na mwenzako mliyeingia siku moja yumo. Ukamalizia kwa maneno ambayo bado yananizunguka kichwani: kwamba miaka miwili imepita na bado unajiona mgeni pale.

Sidhani kama ni wivu, wala hudeki. Nimefanya kazi kwenye kampuni za teknolojia kama hiyo yako tangu kabla hujazaliwa, na nimekaa pande zote mbili za meza, ya anayepimwa na ya anayepima. Kupendwa kazini na kuhesabiwa kazini ni mambo mawili. Mtu anaweza kuwa na la kwanza kwa miaka mingi asilipate la pili, na nionavyo mimi ugeni unaokusumbua unatoka hapo. Wanakujua kwa wema wako, hawakujui kwa kazi yako.

Ngoja nikuingize kwenye chumba ambacho hujawahi kukaa. Mameneja wakishaandika tathmini za watu wao, hukutana kuzilinganisha. Orodha ni ndefu, nafasi ni chache, na kila jina hupewa dakika chache tu. Wengi waliomo humo hawajawahi kufanya kazi na mtu anayezungumziwa, kwa hiyo wanamjua kwa maneno mawili matatu atakayoyasema meneja wake.

Nakumbuka kikao kimoja cha aina hiyo katika kampuni niliyoifanyia kazi zamani. Likatajwa jina la kijana mmoja. Meneja wake akasema, "Huyu ndiye aliyejenga foleni ya maombi ya malipo. Zamani seva ikizidiwa, maombi yalikuwa yanapotea. Siku hizi yanasubiri zamu yake." Basi. Watu wakaitikia kwa vichwa, ikaandikwa. Likafuata jina la dada mmoja, mhandisi wa timu hiyohiyo. Meneja yuleyule akatabasamu. "Huyu jamani ni hazina. Anasaidia kila mtu. Bila yeye timu ingesambaratika." Wote wakakubali, tena kwa moyo mweupe. Ndipo mmoja akauliza, "Lakini amejenga nini?" Meneja akabaki anapekua karatasi zake, na kalamu ilikuwa tayari kulisogeza jina mpaka mwaka ujao.

Mimi nilimfahamu yule dada. Ile foleni isingefanya kazi bila timu mbili zilizokuwa hazisikilizani kukubaliana juu ya muundo wa data. Yeye ndiye aliyezikalisha chini, akaandika makubaliano, kisha akatunga majaribio yaliyofichua kwamba wateja wengine walikuwa wakikatwa pesa mara mbili kwa ununuzi mmoja. Hiyo ni kazi ya uhandisi, tena nzito. Nikanyoosha mkono nikayaeleza hayo, mjadala ukageuka, na akapanda. Lakini fikiria: kama siku ile ningekuwa safarini, je? Mwaka mzima wa kazi yake ulitegemea mtu wa timu nyingine kuwepo chumbani.

Sote tumelelewa na methali isemayo chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Nimekaa kwenye vikao vile kwa miaka na sijaona chema kilichojiuza. Kilichopita ni kile kilichokuwa na mtu wa kukisema, na chenye maneno yaliyo tayari kusemwa.

Wala usidhani ni kampuni hiyo moja tu. Ripoti ya mwaka 2024 ya kampuni ya ushauri ya McKinsey na LeanIn.Org, shirika la kutetea wanawake kazini, inayohusu kampuni za Marekani na Kanada, ilionyesha kwamba kwa kila wanaume 100 waliopandishwa kutoka ngazi ya kuanzia kuwa mameneja, wanawake walikuwa 81. Tazama hapo: pengo liko kwenye hatua ya kwanza kabisa. Anayeachwa hapo hana njia ya kulifidia juu, kwa sababu kila ngazi huchagua watu wake kutoka ile iliyo chini yake. Ndiyo sababu sipendi ushauri wa "subiri, zamu yako itafika".

Sasa turudi kwenye hiyo kazi ya kuandika muhtasari. Wachumi Linda Babcock na Lise Vesterlund, pamoja na wenzao, walichapisha mwaka 2017 utafiti juu ya kazi za namna hii, zile ambazo lazima zifanywe lakini hazimpandishi mtu cheo. Waliwaweka watu kwenye makundi madogo, wakawapa jambo ambalo lazima mmoja ajitolee kulifanya, na anayejitolea anapata kidogo kuliko wenzake. Wanawake walijitolea kwa asilimia 48 zaidi ya wanaume. Alipowekwa mtu wa kuomba, wanawake waliombwa kwa asilimia 44 zaidi, nao wakakubali mara 76 katika 100, ilhali wanaume walikubali mara 51. Lakini kinachonifurahisha zaidi ni hiki: makundi yalipokuwa ya wanaume watupu, wanaume walijitolea vizuri tu, sawa na wanawake waliokuwa peke yao. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba ni maumbile. Ni mazoea ya kundi zima, kila mmoja anamtazama mwanamke na kungoja, na mwanamke naye anajua anatazamwa.

Mazoea ya kundi huvunjwa kwa utaratibu wa kundi. Usinune, na usiache kuandika ghafla ukawaachia pengo. Mwambie meneja wako mbele ya wote, kwa sauti yako ya kawaida: "Muhtasari nimeuandika miezi sita mfululizo. Kuanzia wiki ijayo naomba tuwe na zamu." Kisha weka orodha ya majina pale kila mtu anapoiona. Kuelekeza wageni pia kuwe na zamu. Na kama kazi hiyo unaipenda, maana najua unapenda kufundisha, basi omba iandikwe kwenye malengo yako ya mwaka, ipimwe, ipewe uzito. Akikataa kuipa uzito, hapo atakuwa amekuambia inathaminiwa kiasi gani, nawe panga muda wako kulingana na jibu hilo.

Nataka pia ujue kwamba hukuingia kwenye nyumba ya watu. Kompyuta ya ENIAC, mojawapo ya kompyuta za kwanza za kielektroniki, ilipoonyeshwa hadharani Februari 1946 katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, waliokuwa wameipanga ifanye hesabu ni wanawake sita: Kay McNulty, Betty Jennings, Betty Snyder, Marlyn Wescoff, Fran Bilas na Ruth Lichterman. Hakukuwa na kitabu cha maelekezo. Walijifunza mashine kwa kusoma michoro ya nyaya zake. Ile hesabu iliyowashangaza wageni, ya njia ya kombora angani, ilipangwa na Jennings na Snyder, nao walihangaika nayo mpaka usiku wa kuamkia maonyesho. Jioni ile ikafanyika karamu ya kusherehekea, na wale wanawake hawakualikwa. Ilichukua miongo mingi majina yao yatajwe. Huwa nikikumbuka habari hiyo nakasirika upya, kwa sababu kazi ilikuwepo, ilionekana kwa macho, na bado jina la aliyeifanya likaachwa nje ya mlango.

Huko Uingereza, Stephanie Shirley alianzisha kampuni yake ya programu mwaka 1962 na kuajiri wanawake waandike programu wakiwa nyumbani kwao. Barua alizotia saini ya Stephanie kutafuta kazi hazikujibiwa. Alipoanza kujiandika Steve, jina la kiume, milango ikafunguka, na baadaye watu wake waliandika hata programu za kisanduku cheusi cha ndege ya Concorde. Namheshimu sana kwa ujanja ule, ila wewe sitaki ufike huko. Wewe jina lako liandikwe lote, kila mahali unapostahili kuandikwa.

Anza kwenye msimbo wenyewe, yaani maandishi ya programu unazoziandika. Ukirekebisha hitilafu, andika maelezo yatakayomwezesha asiyekujua kuelewa: tatizo lilikuwa nini, lilimuumiza nani, umelitatua vipi, na nini kimebadilika. Maelezo ya "nimerekebisha kidogo" yafute kabisa kwenye kamusi yako. Kila Ijumaa tenga robo saa, uandike ulichokamilisha wiki hiyo, pamoja na namba pale zilipo: ukurasa uliokuwa ukifunguka kwa sekunde ngapi, sasa ngapi. Mwisho wa mwaka hutakuwa unakuna kichwa kukumbuka, na meneja wako atakuwa na cha kusema. Yeye naye ana watu wengi wa kuwasemea na kumbukumbu yake ni ya binadamu. Mpe sentensi.

Halafu tafuta mtu wa kukusemea. Simaanishi mshauri, maana washauri unao, na mimi nimo. Namaanisha mtu mwenye kiti kwenye vikao usivyokuwemo, aliyeiona kazi yako kwa macho yake, na aliye tayari kuweka heshima yake rehani kwa ajili yako. Ursula Burns aliingia Xerox, kampuni ya mashine za kunakili ya Marekani, mwaka 1980 kama mwanafunzi wa mafunzo kazini. Alikuwa mhandisi hodari na msema kweli asiyezungusha maneno. Wakubwa waliomsikia wakamchukua kuwa msaidizi wao wa karibu, akaona jinsi maamuzi makubwa yanavyofanywa, na mwaka 2009 akawa mkuu wa kampuni nzima, mwanamke mweusi wa kwanza kuongoza kampuni miongoni mwa zile 500 kubwa za Marekani. Uhodari ulikuwa wake. Ila kuna watu waliomfungulia mlango wa chumba. Mtu wa namna hiyo humwombi "naomba unisemee". Unaomba kazi ngumu iliyo chini ya macho yake, unaimaliza, kisha unamwambia wazi unakotaka kufika.

Ukianza kujitaja, utaambiwa umebadilika. Nakuandaa mapema ili yasikuvunje moyo. Mwaka 2014 mwanaisimu Kieran Snyder alikusanya tathmini 248 za wafanyakazi wa kampuni za teknolojia. Kati ya tathmini 83 za wanaume zilizokuwa na ukosoaji, 2 tu ziligusa tabia kwa ubaya: mkali, punguza sauti, waachie wengine nafasi. Za wanawake zenye ukosoaji zilikuwa 94, na 71 ziligusa tabia. Kwa hiyo siku ukiambiwa wewe ni mkali, usikimbilie kujirekebisha, na usikimbilie kubisha. Uliza: "Ni katika kikao gani, nilisema nini, na kiliathiri kazi kwa namna gani?" Ukipewa mfano wa kweli, uchukue na uufanyie kazi, maana sote tuna kasoro. Ukikosa kupewa, liandike kwenye daftari lako na tarehe, uendelee na kazi.

Ugeni huo utajuaje kama umeanza kuisha? Kwangu mimi ulianza kuisha siku niliposema kikaoni "hapa sijaelewa, rudia", na hakuna aliyenong'ona juu yangu pembeni. Mwenyeji ana ruhusa ya kutojua. Mgeni analazimika kuwa sahihi kila mara, na hilo linachosha kuliko kazi yenyewe. Angalia pia nani anapigiwa simu mfumo ukianguka usiku. Nani anaombwa maoni kabla uamuzi haujafanywa, na nani anatangaziwa baada ya kufanywa. Hayo ndiyo mambo ya kupima. Keki za siku ya kuzaliwa na fulana zenye nembo hazipimi kitu.

Na kama utafanya yote haya kwa mwaka mzima, kazi ikaonekana, ikaandikwa, ukaomba wazi, na wakaendelea kukuambia bado kidogo bila kukuonyesha hicho kidogo ni kipi, basi ondoka. Ondoka bila kinyongo, ukiwa na orodha yako ya kazi mkononi. Watu wengi wazuri nimewaona wakibaki mahali kwa sababu walipendwa pale, na sitaki uwe mmoja wao.

Umeniambia tathmini yako ni mwezi ujao. Andika rasimu mwisho wa wiki hii, ukurasa mmoja, mambo matatu uliyoyajenga, kila moja kwa sentensi ambayo meneja wako anaweza kuisema bila kusoma. La kwanza liwe ule mfumo wa nakala rudufu ulionisimulia kwa saa nzima, maana nilivyokusikia ukiueleza nilijua ni wako. Nitumie, niupitie mstari kwa mstari, tuongee Jumapili.

Nakupenda sana, mwanangu.

Mama