Barua ya wazi kwa Meya wa Swift Current: mkiadhimisha miaka 40 ya ile ajali ya basi la hoki, simulieni yote

Mheshimiwa Meya,

Shikamoo, na kama huko kwenu hakuna shikamoo basi habari za kazi. Naandika kwa Kiswahili makusudi kabisa, manake wanaonisoma humu wengi ni wazazi wenzangu, Watanzania, Wakenya, Wakongo, Warundi, watu tulioishia hapa Saskatchewan, Kanada, na sasa watoto wetu wameanza kuvaa vile viatu vya kutelezea na kubeba mabegi ya hoki ya barafuni yanayonuka kuliko kitu chochote nilichowahi kupakia kwenye buti la gari. Ukihitaji tafsiri nadhani hapo mjini hutakosa kijana wa kwetu wa kukusomea.

Tarehe 30 Desemba 2026 inatimia miaka 40 tangu basi la timu yenu ya hoki, Swift Current Broncos, lipinduke. Nina ombi kuhusu siku hiyo, ila kwanza niwaeleze wenzangu wasioijua hii timu, utanivumilia.

Jamani, Swift Current ni mji wa watu kama 17,000 tu, uko pembeni ya barabara kuu ya Trans-Canada, magharibi ya Regina, ngano na upepo mpaka unachoka. Na mji huo una timu kwenye WHL, ligi ya vijana wa miaka 16 hadi 20 ambayo ina timu za Calgary, Edmonton, Vancouver, miji mikubwa mikubwa, na Swift Current ndo mji mdogo kuliko yote humo. Timu yenyewe haina tajiri, ni mali ya wananchi. Ilianza 1967, akapita pale Bryan Trottier, kijana wa Val Marie huko huko kusini, ambaye baadaye alikuja kuwa staa mkubwa wa NHL, ile ligi kuu ya hoki ya kulipwa, halafu 1974 timu ikahamishiwa Lethbridge, Alberta, na mji ukakaa miaka 12 bila Broncos. Wakairudisha 1986. Hebu fikiria furaha ya mwaka huo, mji mdogo umerudishiwa timu yake, na kwenye kikosi kuna dogo anaitwa Joe Sakic ambaye wakati huo hakuna aliyejua atakuja kuwa staa wa NHL naye.

Hata nusu msimu haikuisha vizuri. 30 Desemba 1986 wakapanda basi kwenda Regina kucheza na Pats, timu ya huko. Hawajafika mbali, nje kidogo tu ya mji, basi likakanyaga barafu ile isiyoonekana juu ya lami, likaserereka, likatoka barabarani na kupinduka. Nyuma kabisa ya basi kulikuwa na vijana wanne wamekaa wanacheza karata. Wote wanne walifariki. Trent Kresse, Scott Kruger, Chris Mantyka na Brent Ruff. Ruff alikuwa na miaka 16, mdogo wake Lindy Ruff, mchezaji wa Buffalo Sabres ya NHL. Kruger alikuwa mtoto wa hapo hapo Swift Current. Timu ikashona kwenye jezi nembo ya jani la clover lenye vipande vinne, kila kipande na namba ya jezi ya mmoja wao, 8, 9, 11, 22. (Clover ni lile jani la kizungu la bahati, nalo sijui bahati gani hapo.)

Wangeweza kuvunja msimu na hakuna ambaye angewalaumu, lakini hawakuvunja, Januari walirudi uwanjani na wakafika mpaka hatua ya mtoano. Na miaka miwili na kitu baadaye ndo ikaja ile habari inayosimuliwa kila mahali, msimu wa 1988-89 walishinda mechi zote 12 za mtoano wa WHL, wakaenda Saskatoon kwenye Memorial Cup, kombe la vijana la Kanada nzima, na tarehe 13 Mei 1989 wakawafunga wenyeji Saskatoon Blades 4-3 kwenye muda wa nyongeza, bao la Tim Tisdale. Kwenye kikosi hicho walikuwemo ndugu wawili wa marehemu Kruger, Trevor golini na Darren beki. Mi nikifika hapo kila mara natoa machozi, sijifanyi mgumu.

Sasa Mheshimiwa, wengi wanaishia hapo. Basi, msiba, kombe, mwisho. Na hapo ndo mi nagoma.

Kocha wa timu hiyo, kwenye basi na kwenye kombe, alikuwa Graham James. 1989 jarida la The Hockey News likamtangaza mtu wa mwaka. Baada ya ajali wachezaji hawakuletewa mshauri wa kitaalamu hata mmoja, na walioponea wamesema wenyewe baadaye kwamba James ndiye aliyekataa, eti mambo ya timu yatamalizwa ndani ya timu. Vijana wa miaka 16, 17, 19, wametoka kuwaona wenzao wamelala kwenye theluji, wanaambiwa wamalizane wenyewe! Watu wakadhani ni ugumu wa kiume wa hoki. Sheldon Kennedy, aliyekuwa ndani ya basi lile na akabeba kombe lile, ndiye aliyekuja kusema kwa nini mlango ulifungwa: James alikuwa anamnyanyasa kingono tangu akiwa na miaka 14, na mtaalamu yeyote angeingia kuongea na vijana mmoja mmoja angeweza kuigundua siri. Januari 1997 James akakiri makosa dhidi ya wachezaji wawili, vitendo vinavyokaribia 350, akapewa miaka mitatu na nusu. Mitatu na nusu! 2012 akahukumiwa tena, safari hii kwa kesi ya wachezaji wake wengine wa zamani, Theoren Fleury na Todd Holt, na 2015 tena, kwa kumnyanyasa mchezaji mwingine wa Broncos.

Najua kuna watakaosema mama huyu anachafua msiba wa watu. Hapana. Ajali ilisababishwa na barafu, kocha hakuhusika na kupinduka kwa basi. Lakini ukimya uliofuata baada ya ajali ulikuwa na mwenyewe, na kombe la 1989 lilibebwa na vijana waliokuwa wamebeba mizigo miwili, wa makaburi manne na wa ile siri, tena wengine walibeba yote miwili kwa pamoja. Ukisimulia kombe ukaacha hiyo, unawanyima sifa yao wale wale unaotaka kuwasifu.

Na sisi tuliotoka Afrika Mashariki tuna sababu yetu ya kulisikiliza hili vizuri. Hoki ya vijana Kanada inaendeshwa hivi: mtoto anachaguliwa na timu akiwa bado wa shule, akifika 16 anaondoka kwao anaenda kuishi na familia nyingine kwenye mji wa timu, anasoma huko, analishwa huko, na kocha ndiye anayeamua kama atacheza au atakaa benchi, yaani kama ndoto yake ipo au haipo. Sisi mfumo huo tunaujua, si ndo kumpeleka mtoto akae kwa mjomba mjini ili asome? Wengi tumelelewa hivyo na wengi tulipendwa sana. Ila kila ukoo una yule mtoto aliyerudi amebadilika, haongei, na watu wazima wakasema mwacheni ni utu uzima unamwingia, mjomba amemsaidia sana huyu, hana adabu. Mtu anayelisha ndoto ya mtoto wako ni vigumu kumuuliza maswali. Mzazi mgeni ambaye hata Kiingereza cha kuongea na kocha hakimtoshi ndo kabisa.

Aprili 2018 basi jingine la timu inayoitwa Broncos, hii ya Humboldt, ligi tofauti, liligongana na lori, wakafa 16 na wakaumia 13. Kennedy, Darren Kruger, Bob Wilkie na Peter Soberlak, wote watu walioguswa na ule msiba wa 1986, wakafunga safari kwenda hospitali kukaa na familia na wale vijana. Walienda kuwapa kile ambacho wao hawakupewa. Mwezi uliofuata Swift Current ikatwaa ubingwa wa WHL kwa kuwafunga Everett, timu ya upande wa Marekani, na Mheshimiwa, nikiulizwa ushujaa wa Broncos mwaka ule uko wapi nitataja ile safari ya hospitali kwanza.

Basi ombi langu. Siku ya kumbukumbu, mbali na kusoma majina manne, naomba mtaje hadharani, kwa kinywa cha mji wenyewe, kwamba vijana walioponea walinyimwa msaada na kwamba mtu aliyewanyima alikuwa anawaumiza baadhi yao. Dakika tano zinatosha. Wapeni kipaza sauti walioponea wanaotaka kuongea, na asiyetaka aachwe, Sakic mwenyewe ni mtu wa kutoizungumzia sana siku ile na ni haki yake. Wazazi wapya wa watoto wa hoki wapewe karatasi kwa lugha zao, Kiswahili kiwemo, ya nani wa kumpigia simu mtoto akianza kubadilika, namba ya mtu asiyelipwa na timu. Kutafsiri nitatafsiri mimi bure.

Na jambo la basi, manake nikilisahau mume wangu atanisema: sheria ya Kanada inataka mikanda kwenye mabasi makubwa mapya, yaliyotengenezwa kuanzia Septemba 2020, ya zamani hayabanwi. Kwa hiyo kila basi linalotoka hapo mjini na watoto wetu msimu huu, mtu wa manispaa aulize tu, mikanda ipo? Na wanaifunga?

Nasubiri jibu, hata la mistari miwili.

Wako,
Mama mmoja wa hoki, Saskatchewan