Barua kwa mwanangu: pesa zako za Dubai

Mwanangu mpendwa,

Nimefurahi kusikia tiketi zimeshakatwa na kwamba mnakwenda Desemba, kipindi ambacho jua la Dubai halichomi. Nauli na hoteli mmezipigia hesabu vizuri. Kinachonitia wasiwasi ni njia ambayo shilingi yako itapita mpaka igeuke dirham, maana humo ndimo hela ya msafiri inamopukutika kabla hajanunua chochote.

Dirham imefungwa kwenye dola tangu 1997: dola moja ni dirham 3.6725, haipandi wala haishuki. Maduka ya kubadilisha fedha ya Deira na Bur Dubai, mitaa ya mjini Dubai, yanakata kidogo hapo, tuseme yakupe 3.65. Sasa je, ununue dirham hapahapa Dar, au ununue dola ukazibadilishe kule? Usikisie, gawanya. Tuseme ubao wa duka la kubadilisha fedha unaonyesha dola inauzwa shilingi 2,500 na dirham inauzwa 700. Gawa 2,500 kwa 3.65, unapata kama 685. Kwa njia ya dola, basi, kila dirham imekugharimu shilingi 685 badala ya 700, na kwa dirham 2,500 umeokoa zaidi ya shilingi 37,000. Siku nyingine hesabu inageuka, kwa hiyo ipige ukiwa umesimama mbele ya ubao wenyewe. Na usome safu ya kuuza, si ya kununua, kwa sababu wao ndio wanaokuuzia wewe. Shilingi usizibebe ukitegemea kuzibadilisha huko. Kule hazina soko.

Ukichukua dola, omba noti za 100 mpya, zile zenye utepe wa buluu katikati. Zikague moja moja ungali dirishani. Noti iliyochorwa kalamu, iliyogongwa muhuri au iliyochanika pembeni inaweza kukataliwa, na ukishatoka mlangoni hakuna atakayekurudishia. Dai risiti uiweke na pasipoti. Ukifika, uwanja wa ndege badilisha za siku ya kwanza tu, nyingine subiri mjini.

Kadi ya benki beba, lakini kwanza nenda tawini ukaulize mambo manne: je, imefunguliwa kutumika nje ya nchi na mtandaoni? Kikomo cha kutoa kwa siku ni kiasi gani? Wanatoza kiasi gani kila unapotoa kwenye ATM ya nje? Na wanaongeza asilimia ngapi juu ya kiwango cha kubadilisha? Kama tozo ni ileile kila unapotoa, toa mara chache kwa kiasi kikubwa. Kutoa dirham 100 kila jioni ni kulipa tozo kila jioni. Jambo jingine linalowakwamisha wengi: namba ya uthibitisho ya benki huja kwa SMS kwenye laini yako ya nyumbani. Washa romingi, yaani huduma ya kutumia laini nje ya nchi, kabla hujaondoka, kisha uzime data ya laini hiyo, vinginevyo simu itakula salio usiku ukiwa umelala.

Mashine ya dukani au ATM ikikuuliza ulipe kwa shilingi au kwa dirham, chagua dirham. Kila mara. Ukichagua shilingi, kiwango kinapangwa na mwenye mashine, naye ameshajiwekea faida yake ndani. Inavutia kwa kuwa unaiona bei kwa hela uliyoizoea, lakini ndiyo njia ghali kuliko zote.

Hoteli nayo ina mambo mawili. Kuna ada ya utalii inayolipwa mapokezi kwa kila chumba kwa kila usiku: dirham 10 kwa nyota tatu, 15 kwa nne, 20 kwa tano. Mkilala usiku sita kwenye nyota tatu ni dirham 60, na mara nyingi haimo kwenye bei uliyolipia mtandaoni. Halafu kuna amana, hela ya dhamana inayorudishwa ukiondoka. Wakiikata kwenye kadi ya kawaida, ile isiyo ya mkopo, hela yako halisi inashikiliwa, na inaweza kuchukua siku kadhaa kurudi baada ya kuondoka. Waandikie mapema uulize ni kiasi gani na kama wanapokea taslimu. Wakipokea, lipa taslimu, chukua risiti, udai siku ya kutoka.

Usafiri wa mjini hautakusumbua. Kadi ya kulipia nauli inaitwa nol; ile ya rangi ya fedha ni dirham 25, ndani yake 19 ni salio. Safari ya metro ni dirham 3, 5 au 7.50 kulingana na umbali. Kuna behewa la wanawake na watoto, nawe panda humo. Usile wala kunywa ndani ya treni, hata maji, faini ni dirham 100. Kuvuka hori, ule mkono wa bahari uliopita katikati ya mji, kwa abra, mashua ndogo ya abiria, kutoka Deira hadi Bur Dubai ni dirham 1, kwa hiyo weka chenji.

Kama utanunua kitu kikubwa, kodi ya asilimia 5 hurudishwa kwa mtalii, mradi risiti inafika dirham 250 na umeonyesha pasipoti pale dukani. Siku ya kurudi, uwanja wa ndege, thibitisha risiti kabla hujakabidhi mizigo, kwani wanaweza kutaka kukiona kitu chenyewe. Unarudishiwa asilimia 85 ya kodi, ikitolewa dirham 4.80 kwa kila risiti. Simu ya dirham 1,050 ina kodi ya 50. Mkononi utapata 37.70. Kwenye soko la dhahabu, bei ya gramu ni ya siku na haipunguzwi; omba upunguziwe ujira wa sonara.

Pasipoti iwe na miezi sita mbele, na jina la kwenye visa lifanane nayo herufi kwa herufi. Kila siku unayozidisha baada ya visa kuisha ni faini ya dirham 50. Dawa zenye kodeini au tramadoli usizibebe bila kibali cha mamlaka za kule, kinachoombwa mtandaoni kabla ya safari. Kwao dawa hizo zinaweza kukupeleka rumande. Dawa nyingine ziache kwenye paketi zake pamoja na cheti cha daktari.

Nitumie leo picha ya pasipoti, visa, bima na anwani ya hoteli. Kupiga simu kwa WhatsApp kule kumezuiwa, ila ujumbe wa maandishi na wa sauti unapita. Mkifika, nitumie wa sauti.

Mama yako