Barua kwa mwanangu: Hewa haijui sifuri wala moja

Ipagala, Dodoma

Mwanangu Neema,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Sisi huku hatujambo, kifua cha baba yako kimetulia, na vijana wamemaliza kupogoa mizabibu. Ujumbe wako nimeusoma na kuurudia. Unasema somo la modulesheni, yaani kupandisha data kwenye wimbi, limekuchosha, kwamba dunia nzima imeshahamia dijitali na huoni sababu ya kukesha na mawimbi ya analojia. Sikutaka kukujibu kwa simu. Hili nataka ulisome polepole, ukiwa na kalamu mkononi.

Neno langu ni moja: hakuna njia ya dijitali. Zilizo za dijitali ni mashine za huku na kule. Katikati pana shaba, au hewa, au uzi wa kioo, na vitu hivyo havijui sifuri wala moja. Vinachojua ni volti kupanda na kushuka, wimbi kuwahi au kuchelewa, mwanga kuongezeka na kufifia. Biti yoyote, yaani sifuri au moja, unayotuma sharti ipandishwe kwenye wimbi ndipo isafiri, na somo unalotaka kulikimbia ndilo linalofundisha kuipandisha.

Chukua laini ya simu ya mezani, ambayo mimi nimeishi nayo kazini. Ilitengenezwa kwa sauti ya mtu, kuanzia hezi (mitetemo kwa sekunde) 300 hadi 3,400, basi. Chini ya hapo transfoma zinazuia, juu ya hapo filta zinakata. Sasa toa biti kwenye kompyuta kama zilivyo, volti 5 ndiyo moja na volti 0 ndiyo sifuri, uziingize kwenye laini hiyo. Zikifuatana moja tupu nyingi, umepeleka mkondo mnyoofu, na mkondo mnyoofu haupenyi transfoma: upande wa pili wanaona mstari umelala. Zikibadilika haraka haraka, zile kona kali za mraba zinadai masafa ya juu ambayo filta imeshayakata. Kinachofika ni vilima vilivyolainika, vimepandiana, hujui biti hii imeishia wapi na ile imeanzia wapi. Watu walikuwa na mtandao wa simu uliokwisha kusambaa duniani kote, wakawa na kompyuta zinazotaka kuongea, na lugha ya hizi haikupita kwenye ule.

Modemu, kifaa kinachogeuza biti kuwa milio na milio kuwa biti, ikaingia hapo. Kampuni ya AT&T ya Marekani ilitoa Bell 103 mwaka 1962, ikipitisha biti 300 kwa sekunde. Kiwango cha kimataifa cha V.21 kilifuata njia hiyo hiyo: anayepiga simu anatoa mlio wa hezi 980 kwa moja na 1,180 kwa sifuri, anayepokea anatumia 1,650 na 1,850. Milio minne, jozi moja ya waya, na wote wawili wanaongea kwa wakati mmoja bila kugongana. Mimi hadi leo naona ni kazi safi mno.

Wewe umekulia kwenye ngoma ya muheme, umemwona bibi yako Mvumi ameibana ngoma katikati ya mapaja. Pigo lake analibadilisha kwa njia tatu: alipige kwa nguvu au kwa upole, autoe mlio wa juu au wa chini, aliwahishe au alicheleweshe. Wimbi nalo lina hayo matatu: kimo (nguvu yake), masafa (mitetemo yake kwa sekunde) na fezi (kuwahi au kuchelewa kwake). Kila njia ya kupandisha biti ina jina lake. ASK inabadili kimo, FSK masafa, PSK fezi. QAM inashika kimo na fezi kwa pamoja.

Kwenye QAM ndipo nataka ukae. Chora nukta 16, nne kwa nne, juu ya karatasi ya grafu. Umbali wa nukta kutoka katikati ni kimo cha wimbi, pembe yake ni fezi. Kwa kuwa zipo 16, kila nukta inabeba biti nne. Modemu za V.32 zilibadilisha hali ya wimbi mara 2,400 kwa sekunde. Zidisha kwa nne, unapata biti 9,600. Ndiyo maana baudi, idadi ya mabadiliko ya wimbi kwa sekunde, si biti, na mtu anayevichanganya hivyo viwili kwenye mtihani ameshapoteza maksi za bure. Ukiweka nukta 64 kila moja itabeba biti sita, ukiweka 256 itabeba nane. Utauliza, kwa nini tusiweke milioni? Kwa sababu ya kelele, yaani umeme wa ovyo unaojichanganya na ishara njiani. Nukta uliyoituma haifiki pale pale ulipoiweka, inafika imesogezwa kidogo, na ukituma nyingi zinatanda kama wingu kuzunguka mahali pake. Mawingu yakigusana, mpokeaji anakosea. Gottfried Ungerboeck wa IBM alionyesha mwaka 1982 kwamba ukiongeza nukta halafu ukaruhusu mifuatano fulani tu ya kuzipitia, mpokeaji anaweza kugundua ule mfuatano usiowezekana na kuurekebisha. Hiyo msomee kwa utulivu, ina utamu wake.

Kelele nimeisikia kwa masikio yangu. Kulikuwa na ofisi moja wilayani ambayo faksi yake ilikuwa inalalamikiwa kila msimu wa mvua. Nilipachika simu ya majaribio kwenye laini nikasikiliza. Ulianza mlio mrefu wa hezi 2,100 wa mashine inayopokea, ukafuata mngurumo, mashine mbili zikijaribiana kwa biti 9,600. Ndani ya mngurumo kulikuwa na mkwaruzo, kha, kha, kila upepo ukitikisa waya. Kimya kidogo, kisha mngurumo tena, safari hii 7,200. Ikashindikana. Ikaja 4,800, ukurasa ukaanza kupita taratibu. Hakuna mtu aliyegusa kitufe. Mashine zenyewe zilipima laini, zikapunguza nukta hadi mawingu yakaacha kugusana. Tukapanda nguzo, tukakuta kiungo cha shaba kimeshika ukijani, tukakikata na kukiunga upya, na faksi ikarudi 9,600. Sasa mtu akikwambia fezi ni hesabu ya kwenye vitabu tu, mwambie ilikuwa juu ya nguzo ile.

Kikomo cha haya yote, yaani kasi ambayo laini haiwezi kuipita bila makosa, alikionyesha mwanahisabati Claude Shannon mwaka 1948, akiwa maabara za Bell. Upana wa laini ni hezi 3,100, na tuseme ishara ina nguvu mara 1,000 ya kelele. Ingiza kwenye kanuni yake, utapata karibu biti 31,000 kwa sekunde. Utashangaa jinsi modemu za V.34 zilivyokuja kusimama jirani na hapo, 28,800 mwaka 1994, kisha 33,600 kwenye laini safi. Mwaka 1998 ikaja V.90 na biti 56,000, watu wakasema Shannon amepitwa. Hajapitwa. Wakati huo mitambo ya simu ilikuwa tayari ya dijitali ndani yake, ikipima sauti mara 8,000 kwa sekunde. Mtoa huduma akaunganishwa moja kwa moja kwa dijitali, hatua moja ya kugeuza analojia kuwa dijitali ikaondoka, na kelele yake ikaondoka nayo. Vipimo 8,000 kwa biti saba kila kimoja, ndiyo 56,000 hiyo, na ilikuwa kwa kushusha data kutoka mtandaoni tu, si kwa kuipandisha.

Ya leo nitayapitia kwa ufupi, mtayafika darasani. Simu yako ya 4G inagawa masafa kuwa vijimawimbi vingi vyembamba vya kilohezi 15, na kila kimoja kinabeba QAM yake. Ukiwa karibu na mnara hapa mjini unapewa nukta 64 au zaidi. Ukienda kwa bibi, nyuma ya vilima, mnara unashuka hadi nne, na wewe unalaumu bando. King'amuzi cha sebuleni kinasoma nukta hizo hizo. Hata kwenye nyuzi za kioo za masafa marefu, mwanga unabebeshwa biti kwa kubadilishwa fezi yake.

Ninachokuomba: andika programu ndogo, kwenye Python au chochote mnachotumia, itume nukta 16 nasibu, iongeze kelele, ichore zilipoangukia, ihesabu makosa. Kisha 64 kwa kelele ile ile. Ukija likizo na treni ya SGR njoo na grafu zote mbili, tuzitazame mezani na baba yako. Hela ya kuchapishia nimeituma jana jioni kwenye namba yako, nijulishe ikifika.

Wako akupendaye,
Mama