Afisa ustawi aliyefunga mlango

Mhariri,

Naomba nafasi niseme neno kuhusu maafisa ustawi wa jamii, kwa niaba yetu sisi tunaoketi upande wa pili wa meza zao.

Miaka mitatu iliyopita nilimpeleka mzazi mwenzangu ustawi kudai matunzo ya mtoto. Afisa niliyemkuta aliijua kazi yake. Alinieleza Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kwamba mzazi anawajibika kwa chakula, mavazi, malazi, matibabu na elimu. Yote kweli. Lakini alinihoji mlango ukiwa wazi, watu wamejaa kwenye benchi, akaniuliza kwa sauti: "Sasa wewe ulizaaje na mtu ambaye hata kwao hupajui?" Niliondoka bila kujaza fomu. Miezi minne sikurudi.

Dada yangu ndiye aliyenisukuma nirudi, nikakuta afisa mwingine. Huyu alinyanyuka akafunga mlango. Akamwuliza mwanangu jina lake kabla hajaniuliza mimi lolote. Nilipoanza kulia aliweka kalamu chini, akangoja. Kisha akasema: "Mama, siwezi kukuahidi kwamba atalipa. Leo namwandikia barua ya wito, na Alhamisi nitakupigia hata kama hakuna jipya."

Alhamisi akapiga. Hakukuwa na jipya. Simu ile haikufika hata dakika mbili, lakini usiku ule nililala.

Baba mtoto alikuja kwa wito wa tatu. Afisa akamsikiliza kwa heshima ileile, nami nikakasirika, maana nilitaka afokewe. Baadaye nilielewa. Angefokewa angeinuka akaondoka. Kwa kuwa alisikilizwa, alitaja kipato chake cha kweli, tukaandikishana. Pesa hazijawahi kuja kwa wakati kila mwezi, ila zinakuja, na mtoto yuko shule.

Najua maafisa hawa ni wachache. Asubuhi moja mtu huyohuyo ana mzee aliyetelekezwa, mtoto wa mtaani, wanandoa wanaogombana na ripoti inayosubiriwa mahakamani. Kuchoka ni haki yao. Najua pia kwamba kutunza siri na kutomhukumu mteja wanafundishwa darasani. Taasisi ya Ustawi wa Jamii pale Kijitonyama, Dar es Salaam, imekuwa ikiwaandaa tangu miaka ya 1970. Ninachoomba ni kwamba halmashauri inapompima afisa, isihesabu mashauri aliyofunga tu. Ituulize na sisi: alikusikiliza? Siri yako ilibaki ofisini? Alichosema atafanya, alikifanya? Hata asiyejua kusoma anaweza kujibu.

Na kila ofisi ya ustawi ipewe chumba kimoja chenye mlango unaofungika. Mwezi uliopita nilipita pale nilipohojiwa mara ya kwanza. Benchi bado lipo palepale, hatua mbili kutoka meza ya afisa.

Mama mzazi,
Kanda ya Ziwa