Wanangu walimu, ichaneni ile orodha ya wapiga kelele

Kwenu walimu wapya mliopangiwa darasa la kwanza na la pili, kuanzia shule za Moshi mjini hadi Kibosho na Old Moshi.

Wanangu, poleni na kazi. Najua mlichokikuta. Kiwango cha serikali ni wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja, lakini tangu elimu bila malipo ianze mwaka 2016 yako madarasa yaliyovuka hapo kwa mbali, na dawati la watatu wanabanana watano. Watoto siwezi kuwapunguzia. Ila mtoto wa miaka saba asipopewa kazi ya mikono, ataitafuta mwenyewe, na hiyo ndiyo kelele mnayoilalamikia.

Naanza na ile orodha. Mwalimu anakwenda ofisini, anamwachia monita karatasi, akirudi anaita majina na kuchapa. Majina yale yanapatikanaje? Monita anamwandika aliyemnyima karanga na kumfuta aliyemmegea embe. Ichaneni. Tena kanuni za mwaka 2002 ziko wazi: kiboko ni cha mwalimu mkuu au mwalimu aliyepewa naye idhini kwa maandishi, visizidi vinne, na viandikwe kitabuni. Mimi naongeza langu: mtoto wa darasa la kwanza asichapwe kabisa. Anayengoja kiboko hasikii silabi.

Monita agawe madaftari, afute ubao, ahesabu vizibo vya kuhesabia. Mbadilisheni kila wiki, na yule mtundu asirukwe.

Kabla watoto hawajaingia, ubaoni kuwe na kazi tayari, hata silabi nne tu: ba, ka, la, ta. Wakikaa waanze kuunda maneno huku wewe unaita mahudhurio. Ukitaka utulivu usipige kelele kuwashinda. Piga makofi kwa mdundo mmoja, wakujibu, kisha sema kwa sauti ya chini. Wiki ya kwanza wazoezeni hilo mpaka liwakae, msione mnapoteza vipindi.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo wengi wanapopotelea. Mtoto anakariri "mbili toa saba haiwezekani, kopa", wala hajui anakopa kwa nani. Kila mmoja alete vijiti. Vifungeni kumi kumi kwa kamba za mgomba, ambazo huku kwetu hakuna anayezinunua. Weka mezani mafungu matatu na vijiti viwili, umwambie atoe kumi na saba. Atatoa fungu moja, kisha atagundua vijiti viwili havitoshi saba. Hapo nyamaza. Najua ulimi utakuwasha, na watoto wa nyuma watapaza sauti kumsaidia, watulize. Mwache ayatazame yale mafungu mawili yaliyobaki mpaka afungue kamba kwa mkono wake. Atabaki na fungu moja na vijiti vitano. Ndipo uandike ubaoni 32 - 17 = 15. Ukianza na ubao, umemrudisha kwenye kukariri.

Kwenye kusoma, sauti ya herufi itangulie jina lake. Na mtoto aliyelelewa kwa Kichaga na bibi yake asichekwe akichanganya lugha. Mkalishe na mwenzake anayejua zote mbili.

La mwisho linaniuma. Yuko mtoto anayenakili kwa jirani kila siku, au anayeinamisha kichwa upande mmoja ukisema. Msimwite mvivu. Huenda haoni ubao, au hasikii. Mleteni mbele leo hii, muiteni mzazi mmwambie ampeleke akapimwe. Hospitali ya KCMC, hapa Moshi, kuna idara ya macho. Na kama shuleni kwenu yupo mwalimu aliyesomea elimu maalumu Chuo cha Patandi, pale Tengeru, mfuateni amtazame huyo mtoto kabla hamjaandika "hajitahidi" kwenye ripoti yake.

Mama yenu,
mwalimu mstaafu, Moshi