Lori lilibadili siku, sisi hatukuambiwa

Lubumbashi, tarehe 14 mwezi wa kwanza

Kwa Bwana Mkurugenzi wa kampuni inayozoa taka katika kartie (mtaa) yetu
Nakala kwa mkuu wa komini (manispaa) na kwa shefu wa kartie

Kuhusu: siku na mahali pa kuchukua taka kubadilishwa bila wakaaji kuambiwa, na pesa zilizolipwa bure

Bwana Mkurugenzi,

Mimi ni mshonaji. Mashine yangu iko barazani, upande wa barabara, na tangu asubuhi mpaka jioni hakuna kinachopita kwenye avenyu hii nisikione. Natanguliza neno hilo kwa sababu mtu wenu aliniambia usoni kwamba lori lilikuwa linakuja, ila mimi sikuliona. Bwana, mimi hata mbuzi wa jirani akirudi mara ya pili namjua.

Mpaka mwisho wa mwezi wa kumi na moja lori lenu lilikuja kila Jumanne na Ijumaa. Lilipiga honi mara mbili pale kwenye bomba, wamama wakatoka na magunia, vijana wenu wakayapokea, mambo yakaisha. Siku nyingine lilichelewa, siku nyingine mvua ililikatalia njia. Hatukulalamika, barabara zetu tunazijua wenyewe. Kisha Jumanne moja halikuja. Ijumaa halikuja. Juma la pili likawa hivyohivyo. Tukasema pengine limekufa mashine, tungoje.

Tulingoja majuma matano. Sijui kama umewahi kungoja hivyo, tena katika mwezi wa kumi na mbili, mwezi wa mvua na wa maembe. Gunia la unga la kilo 25 ukilijaza maganda ya embe, majivu ya makaa na vichwa vya samaki, siku ya tatu linaanza kutoa maji meusi chini. Siku ya tano ukiligusa unasikia kitu kinacheza ndani: ni funza. Mbele ya parseli yangu, yaani kiwanja changu, yalifika magunia manane, ya kwangu na ya wapangaji. Siku hizo nilikuwa na gauni jeupe la bibi arusi, satini, na nzi akitua kwenye satini nyeupe anaacha nukta ambayo hata sabuni inaiheshimu. Ikabidi nifunge mlango, joto lote lile, nishone kwa taa ya simu, maana umeme nao ulikuwa na safari zake.

Ikaja mvua ya usiku mzima. Maji yaliyachukua magunia, yakayapasua, yakayasukuma kwenye mtaro. Vile vifuko vya plastiki, ambavyo amri ya tarehe 30 Desemba 2017 iliviharamisha nchi nzima (sokoni bado tunafungiwa navyo nyanya), viliziba mtaro kabisa. Maji yakageuka, yakaingia kwa bibi mmoja mzee wa parseli ya chini, yakamkuta kitandani. Asubuhi tulitoa maji yake kwa sufuria na beseni, na ndani ya maji hayo tuliona vitu ambavyo sitaviandika katika barua yenye nakala kwa wakubwa. Katika mji huu mvua, choo na taka vikichanganyika, hakuna anayeuliza ugonjwa utakaofuata unaitwaje. Kipindupindu hatukukisoma kitabuni.

Walio na uwezo walimwita kijana wa pusipusi, mkokoteni wa kusukuma, franka 1 000 kwa gunia. Anakwenda kuyamwaga wapi? Kijitoni. Tunajua, na tulimlipa. Hiyo nayo ni aibu yetu, siifichi.

Lakini lori lilipopotea, mkusanya pesa hakupotea. Tarehe 3 alikuwa mlangoni na kitabu chake cha risiti.

«Mama, feza ya mwezi.»

«Lori liko wapi, mwanangu?»

«Lori inakuja, Mama. Ni ninyi hamutoki.»

Hapo ndipo niliposikia kwa mara ya kwanza kwamba siku imehama. Sasa ni Jumatano peke yake, alfajiri, kabla ya jua. Wala lori haliingii tena kwenye avenyu: linasimama kwenye kona ya lami, dakika chache, linaondoka. Nikamwuliza tuliambiwa lini. Akajibu kuna karatasi komini.

Nilifunga mashine nikaenda. Karatasi ipo kweli. Imebandikwa ndani ya dirisha lenye vyuma, nyuma ya tangazo jingine lililokwisha pauka, na kuisoma lazima uinamishe kichwa kama anayechungulia jikoni kwa mtu. Juu imeandikwa Avis à la population, yaani tangazo kwa wakaaji. Population ni sisi, lakini chini yake hakuna hata neno moja la Kiswahili. Mimi Kifaransa changu kiliishia darasa la sita. Nilipiga picha, binti yangu wa sekondari akanisomea jioni, naye alisimama mara mbili kutafuta maana. Nikaambiwa pia kwamba karatasi hiyohiyo ilitumwa katika kikundi cha WhatsApp. Kikundi cha nani? Kwenye avenyu yetu nimewauliza watu wa parseli kumi na moja, hakuna aliyemo.

Komini waliniambia: kutangaza ni kazi ya kampuni. Ofisini kwenu dada wa mapokezi akaniambia: sisi tulishapeleka komini. Sasa mimi mlipaji nisimame wapi, katikati ya barabara?

Usinielewe vibaya. Kifaransa ni lugha ya serikali, sibishani. Lakini Katiba ya Kongo ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu kilekile cha kwanza kinachotaja Kifaransa, inataja Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba kuwa lugha za taifa. Kifungu cha 142 kinaitaka serikali isambaze sheria kwa Kifaransa na kwa kila moja ya lugha hizo nne, katika siku 60. Haya nimeyapata kwa mteja wangu anayesoma sheria chuo kikuu. Nilimshonea suruali, tukamalizana nusu pesa, nusu Katiba. Basi kama sheria ya bunge inapaswa kutufikia kwa lugha yetu, siku ya lori la taka inashindikana nini? Mkusanya pesa wenu anadai kwa Kiswahili safi kabisa.

Na njia za kutangaza hazikosekani. Kukiwa na chanjo ya polio, watu wa megafoni wanapita avenyu kwa avenyu mpaka watoto wanaimba maneno yao. Timu yetu ya mpira, Mazembe, ikicheza nyumbani, kila mtoto anajua saa. Jumapili, baada ya misa na baada ya ibada, kuna wakati wa matangazo, na padri au pasta hatawatoza hata franka moja. Lori lenyewe lina honi. Majuma mawili kabla ya kubadilisha, dereva angeweza kusimama pale kwenye bomba na kusema sentensi mbili tu. Wamama watano wangemsikia, na jioni kartie nzima ingejua.

Kuhusu hiyo alfajiri yenyewe, nani aliipanga? Kutoka kwangu mpaka kwenye lami ni hatua 700, nimezihesabu nikiwa sina mzigo. Saa hiyo bado giza, taa za barabara hakuna. Mnataka mwanamke atembee gizani na gunia linalovuja kichwani, au amtume mtoto? Yule bibi wa parseli ya chini atabebewa na nani? Kama lori haliwezi kuingia kwa sababu ya mashimo, semeni ni mashimo, tuyajaze siku ya salongo, kazi ya pamoja ya wakaaji. Makoleo tunayo.

Ninachodai ni hiki. Pesa ya mwezi wa kumi na mbili, franka 10 000 kwa parseli, ihesabiwe kuwa malipo ya mwezi wa pili, kwa kila mtu mwenye risiti. Yangu ninayo, imeshikizwa kwa pini kwenye nakala ya barua hii. Saa isogezwe mpaka kumekucha. Lori liingie angalau mpaka kwenye bomba. Na tangazo jipya liandikwe kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, libandikwe mahali ambapo watu hupita: bombani, shuleni, kwenye mlango wa zahanati. Mkikosa mtu wa kuliandika, nileteeni ile karatasi ya Kifaransa, mimi na binti yangu tutaigeuza bila malipo.

Jibu lipitie kwa shefu wa kartie au kwa mkusanya pesa wenu, nyumba yangu anaijua vizuri. Jumatano ijayo nitakuwa kwenye kona ya lami kabla ya jua na majirani wanne, na saa ya simu yangu itakuwa mkononi. Mwambieni dereva apige honi.

Mshonaji wa avenyu ya bomba, kwa niaba yake na ya majirani kumi waliotia sahihi nyuma ya karatasi hii